Bastola ya Ijumaa

Watu wa mkutano walimtaka mama, hawakunitaka mimi. Mjane anasikilizwa kuliko binti. Ndivyo alivyosema mwenyekiti wa kamati ya mtaa siku aliyokuja dukani kwetu La Rochelle, Johannesburg, akaegemea kaunta kama mtu anayeulizia bei ya mkate. Mkononi alikuwa na karatasi za kukusanya saini, kifuani kibandiko kilichosema kujilinda ni haki yake.

Baba mdogo akamjibu kwamba shemeji yake yuko eda, hatoki.

"Eda ndiyo nini? Anaumwa?"

"Haumwi. Mume akifa, mke anakaa ndani miezi minne na siku kumi."

"Miezi minne? Eish. Serikali haitatusubiri miezi minne, rafiki yangu."

Wote wawili wakageuka kuniangalia. Mimi nilikuwa na kisu mkononi nakata mche wa sabuni.

"Na huyu je?" mwenyekiti akauliza. "Kiingereza anakijua?"

"Huyu kamaliza shule hapa hapa," baba mdogo akasema, kwa fahari kabisa, kama vile ada alilipa yeye. "Kiingereza, Kizulu, vyote. Huyu akianza kuongea hata wewe utanyamaza."

Naeleza ilivyokuwa, maana nikikimbia nitaharibu. Serikali ilikuwa imeleta rasimu ya sheria ya silaha, na ndani yake kuna kifungu kinasema mtu asipewe tena leseni ya bunduki kwa sababu ya kujilinda. Kuwinda sawa, kulenga shabaha kwa mchezo sawa, kazi ya ulinzi sawa. Kujilinda, hapana. Watu walichachamaa. Sijawahi kuona kitu kinawaunganisha watu wa Johannesburg namna ile, hata mpira. Wazungu wa mashamba, wenye teksi, Wahindi wenye maduka, Wasomali wa Mayfair, watu ambao siku nyingine hawasalimiani, wote neno moja: mnatunyang'anya sisi tulioandikishwa, mnawaachia majambazi za kwao. Redio asubuhi ni hilo, kwenye simu ni hilo. Wateja wetu walisaini karatasi kwanza, ndiyo wakumbuke walifuata maziwa.

Mimi sikuwa na upande. Au niseme ukweli, nilikuwa upande wa yeyote aliyeongea mwisho.

Baba alikuwa ameuawa miezi miwili kabla ya hapo, hapo hapo dukani, kwa risasi. Ndiyo maana walimtaka mjane. Baba mdogo alikuwa ameshaandika barua ya kusomwa ukumbini, kwenye mkutano wa kuipinga rasimu, ukurasa mmoja na nusu, akanipa niinyooshe Kiingereza. Nikaisoma nimesimama. Ilisema kaka yake alikufa mikono mitupu kwa sababu nchi hii haitaki mfanyabiashara mdogo ajilinde.

"Baba mdogo, baba alikuwa na bastola."

"Najua."

"Sasa mikono mitupu vipi?"

"Watu wa ukumbini hawajui kama alikuwa nayo."

"Polisi wanajua."

"Polisi wataenda ukumbini kufanya nini?" Akachukua barua yake, akaikunja vizuri. "Mwanangu, sikiliza. Mwenyekiti akisimama na sisi, hakuna mtu atakayekuja kutufungia duka. Umeona kule ng'ambo ya barabara kuu walivyowafanyia wageni wenzetu, walipewa saa moja watoe vitu. Na leseni ninayotaka kuomba mimi, mwenyekiti amesema atanisaidia kuiandikia sababu kabla sheria haijafunga mlango. Unaelewa? Tunakula kwa duka hili. Wewe, mama yako, wadogo zako wawili, mimi. Hakuna lingine."

Nilielewa. Lakini kulikuwa na jambo ambalo ni mimi tu nililisikia, na yeye alijua kwamba nililisikia.

Baba alikaa nchi hii miaka mingi ndipo akapata ukaazi wa kudumu, na ndipo akaomba leseni. Alifanya yote. Alisoma kozi, akalenga shabaha, akachukuliwa alama za vidole. Polisi walikuja nyumbani kuangalia kama sefu limefungwa kwa bolti ukutani, wakamuuliza mama kama mume wake anampiga. Mama akacheka mpaka yule polisi naye akacheka. Baba akasimama pale na sefu lake, ameudhika: "Sasa mnacheka nini, hii ni kazi ya serikali."

Tatizo lilikuwa Ijumaa. Baba hakuwahi kukosa swala ya Ijumaa Mayfair, na hakutaka kuingia msikitini na bastola. Alisema hawezi kusujudu na kitu cha kuulia kiunoni. Kisheria, kama haivai, aifungie kwenye sefu. Lakini sefu lipo nyumbani, kwenda na kurudi ni karibu saa nzima, na mchana wa Ijumaa ndio duka linajaa, watu wametoka kazini na mshahara wa wiki. Basi akawa anamwachia mdogo wake. Baba mdogo hakuwa na leseni, hata ukaazi wake ulikuwa haujatoka. "Ni masaa mawili tu," baba alisema. Mtu huyu huyu aliyekuwa anasimama kwenye robot nyekundu, taa za barabarani, usiku barabara haina hata paka. Kwa ajili ya sheria ya Mungu akavunja ya serikali, na nadhani moyoni aliona hesabu imekaa sawa. Mama akashona mfuko wa kitambaa ili bastola ikae chini ya kaunta, nyuma ya gunia la unga, isionekane.

Haikukaa chini ya kaunta. Baba akishapanda teksi, baba mdogo aliitoa mfukoni mle na kuivaa. Shati anachomekea upande mmoja tu, ule wenye bastola, halafu anasimama mlangoni mikono kiunoni. Wateja wakamwita Sherifu, kama askari wa filamu za Kimarekani. "Sherifu, nipe sigara mbili." "Sherifu, leo umekamata wangapi?" Anacheka, anafurahi. Siku nyingine zote yeye alikuwa mdogo wake mwenye duka, anayetumwa kubeba magunia. Baba akirudi anakuta mfuko uko chini ya kaunta na bastola ndani yake. Hakujua. Mama alijua, maana nilimwambia, akasema mwache na utoto wake. Hakuna aliyefikiria zaidi ya hapo.

Walikuja Jumanne, asubuhi. Baba mdogo alikuwa soko la jumla. Mimi nilikuwa chumba cha nyuma nafunga sukari kwenye vifuko vya nusu kilo. Nikasikia sauti ya kijana anasalimia vizuri kwa Kizulu, anamwita baba mjomba, halafu akauliza, bila kelele, "Siphi isibhamu?" Bunduki iko wapi. Baba akasema hapa ni duka la chakula. Yule akasema, "Ile tunayoionaga Ijumaa, mjomba. Tupe ile."

Ndivyo alivyosema. Ijumaa. Mimi najua baba alikuwa anafikiria Ijumaa ina nini, maana Ijumaa yeye hakuwa na bastola. Nadhani alikufa akiwa bado anafikiria hilo. Kwenye upenyo wa mlango nikaona mkono wake unaenda kiunoni, sijui ni kuitoa au kuwapa. Risasi mbili. Walichukua bastola tu, droo ya hela hawakuigusa.

Polisi waliponihoji, baba mdogo alikuwa amekaa pembeni yangu, amenishika bega. Nikasema waliulizia bunduki. Ya Ijumaa sikuisema. Nikamwambia mama peke yake, usiku wa matanga, na baba mdogo alikuwa mlangoni akasikia. Hakuna aliyeligusa tena lile neno. Mpelelezi wa kesi naye akawa hapokei simu.

Turudi kwenye mkutano. Jioni ya kuamkia siku yenyewe niliingia chumbani kwa mama. Alikuwa amekaa kwenye mkeka wake, nguo zake zile mbili za eda, hana hina, hana mafuta ya kunukia, uso umekuwa mdogo. Nikamsomea barua.

"Hivi ndivyo ilivyokuwa?" akaniuliza.

"Hapana, mama."

"Basi kama utasimama, sema ilivyokuwa. Baba yako asizikwe mara ya pili kwa uongo."

Kwangu hiyo ilikuwa ruhusa. Sikumuuliza zaidi. Mimi kuuliza mara mbili siwezi, najijua.

Ukumbi ulikuwa wa kukodisha, Rosettenville, viti vya plastiki. Wengi wenyeji, wageni tulikuwa wachache tumekaa nyuma. Walikuwa na hasira, lakini walikuwa wanacheka pia, nilishangaa walivyokuwa wanacheka. Mzee mmoja Mzungu akasimama akasema polisi walimshauri awe na filimbi. "Nina miaka sabini na moja. Mwizi akiingia nimpulizie filimbi? Mimi refa? Nimwonyeshe kadi ya njano?" Ukumbi ukaangua kicheko. Mama mmoja mwenye saluni akasimama akasema alibakwa katika nyumba yake mwenyewe, na tangu amepata bastola ndipo amelala usingizi, sasa serikali ije imwambie yeye alale vipi. Hakuna aliyecheka hapo. Mimi pia nilipiga makofi, kwa nguvu. Na leo ningempigia.

Halafu mwanaume mmoja katikati akapaza sauti: "Waanze na bunduki za wageni! Leseni zao ziko wapi?" Makofi tena, mengi kuliko ya yule mama. Baba mdogo, pembeni yangu, naye akapiga. Alikuwa amevaa koti la suti la baba. Nilimwangalia anapiga makofi ndani ya koti la baba, na nadhani ni pale nilipoamua, ingawa najipa sifa nikisema niliamua.

Mwenyekiti akaniita. "Huyu ni binti wa ndugu yetu muuza duka aliyeuawa." Ndugu yetu. Nikaenda mbele na barua. Nikasoma salamu. Nikasoma mstari wa kwanza, nikafika kwenye "mikono mitupu", nikaikunja.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba baba alikuwa na bastola ya leseni. Nikasema waliomuua walikuja kuifuata hiyo hiyo, hawakutaka hela. Ukumbi ukawa kimya, ule wa watu wanaosubiri umalize ili waendelee na yao. Mwenyekiti akadaka haraka: "Mnasikia? Mtu mwenye leseni anauawa, na serikali inahangaika na leseni!" Watu wakapiga makofi. Nimesema kinyume chao nikapigiwa makofi. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nikasema, bado sijamaliza.

Nikasema kuhusu Ijumaa.

Nilieleza yote. Msikiti, mfuko, masaa mawili, mlangoni, Sherifu. Nilisema wauaji walisema Ijumaa. Nilidhani nikimaliza watu watafikiria. Nilikuwa na picha hiyo kichwani kabisa, watu wazima wanafikiria.

"Ngoja," yule wa katikati akasimama. "Huyo Sherifu ana leseni?"

Macho yangu yalijibu, yakaenda nyuma.

"Yule pale? Mwenye koti?"

"Mgeni anatembea na bunduki hana leseni, na amekaa humu anatupigia makofi!"

"Si ndiyo tunayosema kila siku!"

"Sherifu wa Tanzania! Simama basi tukuone!"

Wakacheka tena, kicheko kile kile cha filimbi. Baba mdogo alisimama kweli. Sijui kwa nini alisimama. Nadhani mtu akiitwa husimama. Mwenyekiti akamwangalia, halafu akaangalia karatasi yake, akaita jina la msemaji anayefuata.

Tulirudi kwa miguu. Kwenye robot akasimama kusubiri ingawa magari hayakuwepo.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema.

"Ningekuambia ungenikataza."

"Ndiyo. Ningekukataza."

Hakunipiga, hakunitukana. Ningependa angenitukana.

Siku ya pili yake kamati ilikuja na kufuli yao wenyewe. Mwenyekiti hakuegemea kaunta safari hii, alisimama nje. Alisema kwa upole kabisa kwamba duka litafungwa mpaka suala la bunduki haramu lieleweke, kwamba yeye binafsi hana neno, ni wananchi. Mchana polisi wakaja wakamchukua baba mdogo. Nani aliwapigia simu sijui, pale palikuwa na watu mia na wote walisikia. Wakati wanampandisha garini mtu mmoja ng'ambo akamuaga, "Sharp, Sherifu!" na wenzake wakamwambia anyamaze. Angalau hilo.

Niliingia kwa mama nikamweleza. Nilitegemea nini? Labda aniambie nimefanya vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, anahesabu tasbihi, halafu akaiweka chini.

"Nilikuambia useme ilivyokuwa."

"Ndiyo, mama, nimesema."

"Umewaambia wao."

Nikakaa ukingoni mwa mkeka wake.

"Yule mpelelezi alikuwepo pale ukumbini? Hakuwepo. Wale watu wanamtafuta aliyemuua baba yako? Hawamtafuti. Wana ugomvi wao na serikali, wewe umewapelekea kuni. Mambo haya yalikuwa na mahali pake pa kusemwa, mwanangu, na ulikuwa umekaa pale pale, ukayameza."

"Baba mdogo alikuwa amenishika bega."

"Na ukumbini hakuwa amekushika?"

Nilikasirika. Niseme ukweli, nilikasirika sana, niliona kila mtu ananionea. Nilikwenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Ndani ya nyumba unga ulikuwa wa siku tatu, na duka letu wenyewe lina magunia kumi nyuma ya kufuli ya mtu mwingine.

Siku ya tatu baba mdogo hajarudi. Asubuhi mama akatoka chumbani amevaa baibui jeusi. Sikuwa nimemwona amevaa la kutokea tangu mazishi. Alikuwa amempigia simu mama mmoja wa Mayfair anayefundisha wanawake dini, naye akamjibu kwamba kutoka mchana kwa dharura kunaruhusiwa, mradi usiku alale nyumbani.

"Twende polisi," akasema. "Mimi Kiingereza sina. Utanisemea. Na utasema nilichosema mimi, usitie chumvi, usipunguze."

Njiani alitembea taratibu, mkono mmoja kwenye ukuta wa nyumba za watu, kama mtu aliyetoka hospitali. Jua lilimuumiza macho. Watu wa mtaani walimsalimia, wengine wale wale wa ukumbini, na akawaitikia wote.

Kituoni tulisubiri kwenye benchi mpaka adhuhuri imepita. Polisi aliyetuita alikuwa mwanamke, amechoka, ana kikombe cha chai kilichopoa. Akatoa karatasi ya maelezo.

"Mwambie," mama akasema, "mfuko niliushona mimi."

Nikamwambia.

"Mwambie marehemu ndiye aliyeiacha, kila Ijumaa, kwa hiari yake, na alijua sheria inakataza. Huyu mliyemfunga hakuiba. Aliachiwa."

Nikamwambia. Hilo lilikuwa gumu, kumsemea baba vibaya mbele ya mtu anayeandika.

"Mwambie nilijua kwamba anaivaa mlangoni, na sikumkataza. Sote tulijua."

Yule polisi akaacha kuandika. Akaniambia nimweleze mama kwamba anavyosema hivyo na yeye anajiingiza, anaelewa? Nikatafsiri. Mama akasema mwambie naelewa, aandike. Akatia saini yake ile ya herufi kubwa kubwa za mtu aliyejifunza ukubwani, polepole, tukamsubiri wote wawili.

"Wewe?" polisi akaniuliza. "Maelezo yako ya kwanza ninayo hapa. Hakuna Ijumaa humu."

"Ndiyo. Niliacha."

"Kuna kingine uliacha?"

Hapa sasa ndipo penye kitu ambacho ukumbini sikukisema, na hata mama sikuwahi kumwambia. Wiki mbili kabla baba hajauawa nilimpiga picha baba mdogo mlangoni. Ijumaa hiyo jua lilikuwa zuri, alikuwa amesimama kisherifu, shati upande mmoja, bastola inaonekana yote. Mimi ndiye niliyemwambia ageuke kidogo ionekane vizuri. Nikaiweka status kwenye simu yangu, nikaandika chini yake jina la duka letu, na kikatuni kinachocheka. Ilikaa siku nzima. Wengi walioiona nilisoma nao, wengine ni marafiki wa hao, watu ambao nilihifadhi namba zao sikumbuki hata kwa nini. Watu walinijibu kwa vicheko. Mmoja aliniuliza kama ni ya kweli, nikamjibu kwamba ni ya kweli, ni ya baba.

Nilimwambia polisi kwa Kiingereza. Halafu nikamgeukia mama nikamwambia kwa Kiswahili, maneno yale yale, sikutia chumvi, sikupunguza. Mama alishika ukingo wa meza.

Polisi akavuta karatasi mpya. Akataka kujua aliyeuliza kama ni ya kweli ni nani. Nikataja. Akataka wote ninaowakumbuka walioiona, jina na mtaa anaokaa, nisiruke mtu. Nikaanza na wa shule. Aliandika mpaka ukurasa ukajaa, akageuza nyuma, akasema endelea.